Upande wa Pili wa Msumeno

Watu hudhani mkata miti anaipenda miti. Mimi siipendi, sijawahi kuipenda. Mti ukiwa msituni ni mti. Ukiwa karibu na nyumba ya mtu ni mzigo unaoning'inia juu ya kichwa chake, na siku upepo ukiamua, hakuna wa kuuambia usubiri. Miaka ile ya kuhamia vijijini kazi yangu ilikuwa hiyo, kuangusha miti ya hatari iliyosimama karibu na nyumba, shule na zahanati, kuanzia Mbulu mpaka Hanang. Wilaya ilitupa msumeno mrefu wenye mishikio miwili, mmoja huku mmoja huku, pamoja na mashoka, kabari za chuma, mnyororo na kamba ya katani. Gari hatukupewa. Tulitembea, au tulidandia lori la ngano kama dereva alikuwa mtu wa huruma.

Kazi ilikuwa nyingi kwa sababu ya mstari. Zamani watu wa Nambis, kijiji cha mke wangu, walikaa mbalimbali, kila mtu na kilima chake, nyumba imechimbiwa nusu kwenye mteremko, paa la udongo liko chini kiasi kwamba mbuzi aliweza kulipanda. Upepo ulipita juu yake bila kuiona. Kisha ikaja amri ya kuhama, nyumba zikapangwa zote kwenye mstari mmoja kama watoto wa shule asubuhi, na zile za zamani zikaezuliwa ili mtu asipate hamu ya kurudi. Mstari wa kijiji chetu ulipita kando ya mikaratusi mikubwa iliyopandwa enzi za mkoloni. Aliyepima alisema kivuli kitawafaa wananchi. Sasa mkaratusi una kivuli gani? Mkaratusi una matawi ya kudondoka, basi.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Nililetwa na kazi, nikaoa huku huku. Mwenzangu kwenye msumeno alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Nilimfundisha mwenyewe. Msumeno wa watu wawili hauna siri: mwenzako akiwa na hasira utajua, akiwa na njaa utajua, akiwa na usingizi mtaumizana. Nimevutana na watu wengi, lakini hakuna niliyepatana naye kama yule kijana. Kazini hatukuwa tunasemezana. Nilivuta, akavuta, mti ukaanguka pale tulipotaka uangukie.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa tunarudi kutoka Nangwa, tulikokwenda kuondoa mti ulioegemea ukuta wa zahanati. Mke wangu alitupokea njiani kabla hatujafika nyumbani, khanga ameifunga ovyo ovyo.

"Radi imepiga kwa baba," akasema.

"Nani amekufa?"

"Ng'ombe. Lile dume la kulimia, lilikuwa limefungwa chini ya mti. Lakini mti wenyewe umepasuka, umeinamia nyumba, na baba yuko ndani."

Shemeji hakungoja kusikia zaidi. Alitangulia mbio na msumeno begani. Mimi nilipita nyumbani kuchukua mnyororo na kabari, mke wangu nyuma yangu.

Baba mkwe wangu alikuwa kitandani tangu kiangazi. Alianguka akiwa amebeba majani ya ng'ombe, nyonga ikavunjika, kisha kifua nacho kikaharibika. Kumgeuza ubavu tu ilikuwa kazi ya watu wawili. Nikamuuliza mke wangu kwa nini majirani hawajamtoa. Akaongeza mwendo. Nilikuwa nimekaa nao muda wa kutosha kulijua jibu, ila nilitaka mtu alitamke.

Kwa watu wa huku, nyumba iliyopigwa na radi inatengwa. Wa nyumba hiyo hawachoti maji pale wanapochota wengine, hawaombi moto kwa jirani, ng'ombe wao hawachanganywi malishoni, wala hakuna anayewashika mkono. Anayeingia kwao, au anayeguswa na kitu chochote cha kwao, naye ametengwa pamoja nao, mpaka wazee wakae, kondoo achinjwe, waseme imetosha. Hawafanyi hivyo kwa ubaya. Wanaogopa, na hasa wanawaogopea watoto wachanga, kwa sababu wanaamini janga la namna hiyo likibebwa kuingizwa kwenye nyumba yenye mtoto, linaanza na mtoto. Jumapili tulikuwa wote kanisani tunaimba. Siku ya radi, wale wale waimbaji walisimama nje ya mfereji wa kwa baba mkwe, na hakuna aliyeuvuka. Mfereji wenyewe ulichimbwa kupitisha maji ya mvua tu, mbuzi angeuruka, lakini ndio uliokuwa mpaka.

Nilisimama nao pale nikauangalia mti. Ulikuwa umepasuka kuanzia kwenye panda, pale shina linapogawanyika, mpaka kimo cha mtu, na nusu moja imeinama moja kwa moja juu ya paa. Kila upepo ukipuliza, ufa unafunguka kidogo na kujifunga, na mti unalia. Mawingu ya mchana yalikuwa yameanza kujikusanya mlimani. Niliogopa, nasema kweli. Mti mzima unakupa habari zake, lakini mti uliopasuka hauna neno.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, mikono nyuma. "Mambo hayo ya mila tumeyaacha," akasema kwa sauti ya mkutano. "Sasa tunajenga taifa. Ninyi watu wa miti, ingieni mfanye kazi."

"Tangulia, mwenyekiti," nikamwambia, "tutakufuata."

"Mimi si mtaalamu," akajibu. Maneno yake yalivuka mfereji, miguu yake haikuvuka.

Shemeji alikuwa amesimama kando, msumeno bado uko begani. Nikamwambia tuanze na mnyororo.

"Shemeji," akasema polepole, "mimi sitavuka."

"Yule aliye ndani ni baba yako."

"Najua ni baba yangu."

"Basi mimi niliyetoka Lushoto ndiye nimtoe baba yako chini ya mti, peke yangu?"

"Nina mtoto," akasema.

Mtoto wake nilimjua. Alikuwa bado ananyonya. Waliomtangulia walikuwa wawili, na wote hawakufika umri wa kutambaa. Kaburi la wa pili nililichimba mimi. Yote hayo niliyajua, na bado damu ilinipanda. Nilimwita mwoga mbele ya watu wote. Nikamwambia mwanamume anayemwacha baba yake chini ya mti huyo hana mtoto, ana kisingizio. Aliuweka msumeno chini taratibu, meno yakiwa juu ya majani yasije yakagusa mawe, kama nilivyomfundisha, akarudi nyuma akasimama na wengine.

Mke wangu alinipa blanketi na kibuyu. "Nenda," akasema. "Ukishavuka usirudi nyumbani mpaka wazee waseme. Tuna watoto. Chakula nitakuwekea hapa mferejini." Alikuwa analia bila sauti. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nikaona leo mgeni ni mimi. Nikarusha vitu vyangu ng'ambo kimoja kimoja, nikavuka.

Nilimkuta mama mkwe mlangoni. Kwetu Usambaani mama mkwe hatazamwi usoni, na mkikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia porini. Kwao nako heshima ya ukwe haikuwa mbali na hiyo. Tangu nimuoe binti yake nilikuwa namwamkia shikamoo nikitazama miguu yake. Vidole vyake ningeweza kukueleza kimoja kimoja, lakini uso wake sikuujua. Nikamwamkia, akaitika, nikapita kwa upande nikaingia ndani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kuniokoa au kuniua?"

"Bado sijajua, baba."

"Angalau umesema kweli," akasema, kisha akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Nikamwambia mimi na mama tunaweza kumbeba na blanketi tukamlaza nje, mbali na mti, mpaka niuangushe. Akakataa. "Mvua ikija mnilaze wapi? Kwa jirani hawanipokei, na siwalaumu. Nyumba yangu ya kule mlimani ninyi watu wa wilaya mliiezua. Niacheni hapa. Kama mti unanitaka, utanikuta kitandani kwangu." Nikambembeleza, akageuza uso ukutani. Mzee yule alikuwa mbishi kama mimi, ndiyo maana hatukuwahi kupendana sana.

Basi nikafanya nilichoweza peke yangu. Niliufunga mti mnyororo kiunoni, chini ya panda, ili zile nusu mbili zisiachane. Nikapanda na kamba, nikaifunga juu upande uliokuwa bado mzima, nikashuka nikaipeleka mpaka kwenye mkaratusi mwingine ulio mbali kwenye mstari, nikaikaza kwa gogo mpaka ikawa ngumu kama chuma. Kisha nikachukua shoka kukata pengo upande wa shambani, kule nilikotaka uangukie. Kila pigo la shoka liliufungua ule ufa. Pengo nililimaliza roho ikiwa mkononi, nikajua nikiendelea na shoka upande wa nyumba, mti utapasuka wote na kumwangukia mzee. Ulitakiwa msumeno. Nikaujaribu peke yangu, ukapinda. Msumeno ule hauendi kwa mtu mmoja, hata awe na nguvu za fahali.

Nilikaa chini. Ng'ambo kulikuwa na wanaume wazima wasiopungua nusu ya kijiji, wakinitazama. Upepo ukaongezeka.

Nikaona miguu ninayoijua imesimama mbele yangu. Mama mkwe alikuwa amejifunga shuka kifuani kama mtu anayekwenda kulima. Akapiga magoti upande wa pili wa mti, akashika mshikio.

"Nionyeshe," akasema.

"Mama, haifai."

"Kinachofaa ni kipi? Kukaa nikingoja?"

Nikapiga magoti na mimi. "Vuta tu, mama, usisukume. Ukimaliza kuvuta, legeza mkono, mimi nitavuta. Na usitazame msumeno. Nitazame mimi usoni. Nikitikisa kichwa, acha kila kitu ukimbie kule kwenye zizi."

Ndivyo nilivyomwona mama mkwe wangu. Alikuwa na macho ya mke wangu, na kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuna aliyewahi kuniambia habari zake. Mwanzoni alivuta kwa nguvu mno, kisha akanielewa. Mwanamke aliyesaga nafaka juu ya jiwe maisha yake yote hahitaji kufundishwa mwendo. Unga wa mti ukaanza kumwagika kwenye magoti yetu. Ndani mzee alikuwa anakohoa, na kila akikohoa mama mkwe alifumba macho kidogo kisha akanitazama tena. Nadhani alikuwa anahesabu uhai wake kwa kikohozi kile. Mimi pia nilikuwa nahesabu.

Nilisimama mara kwa mara kugonga kabari. Mnyororo ulianza kulia. Kuna wakati upepo uliurudisha mti upande wa nyumba, msumeno ukabanwa kabisa, na akili yangu yote iliniambia nikimbie nimwache mzee na paa lake. Nilimtazama mama mkwe. Hakuwa ameachia mshikio. Nikaingiza kabari nyingine, nikapiga mpaka mikono ikafa ganzi, msumeno ukaachiwa, tukavuta tena. Kisha nikasikia chini kabisa kile kishindo kidogo cha mti unaoachia, nikatikisa kichwa.

Mti ulikwenda shambani. Tawi moja lilibomoa kona ya uzio wa shamba, basi. Vumbi lilipotulia tukasikia sauti kutoka ndani.

"Tayari?"

"Tayari, baba."

"Mbona kelele nyingi hivyo," akasema.

Mama mkwe alicheka, akafunika mdomo kwa mkono. Ng'ambo hakuna aliyeshangilia. Waliondoka mmoja mmoja, wa mwisho alikuwa shemeji, na mimi nikampa mgongo.

Nikawa mtu wa nyumba ile. Maji nilichota korongoni, mbali, ambako hachoti mtu. Mke wangu alileta chakula, akakiweka kwenye mfereji, akarudi nyuma kabla sijakisogelea. Watoto wangu walinipungia mkono. Mimi na mama mkwe tulimgeuza mzee, tukamlisha, tukamsafisha, na baadaye tukala sahani moja kwa sababu sahani ilikuwa moja. Wasambaa wenzangu wangeniona wangesema nimerogwa. Kila jioni shemeji alileta kuni na majani ya ng'ombe, akavirusha ng'ambo, akasema, "Shikamoo, shemeji." Sikuitika hata mara moja. Alisimama kidogo, akaenda zake, na kesho yake akaja tena akaamkia vile vile.

Mzee alifariki asubuhi moja ya mvua, kabla wazee hawajaketi kutuondolea kutengwa. Alifia kitandani kwake, pakavu. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, halafu nikaona halitoshi.

Msiba wa huku ni wa kijiji kizima. Jembe hulitafuti, linakuja na mwenyewe. Siku ile waliturushia majembe mawili ng'ambo ya mfereji, wakasimama. Nilichimba mimi, mama mkwe akatoa udongo. Tulimfunga mzee ndani ya blanketi tukambeba wawili. Alikuwa mwepesi, jambo lililoniumiza kuliko uzito. Katekista alisoma sala akiwa ng'ambo, kwa sauti kubwa ili itufikie, na mke wangu aliitikia huku analia, mtoto mgongoni.

Tulipomshusha, mama mkwe alichota udongo kwanza. Nikasikia watu wananong'ona. Nikainua kichwa. Shemeji alikuwa amevua viatu. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya mfereji.

"Rudi," mama yake akasema.

"Namzika baba yangu."

"Rudi nimesema. Una mtoto. Siku ya mti nilikukataza, na leo nakukataza. Nilikuambia nini siku ile? Ukivuka mimi si mama yako."

Hapo ndipo nilipojua. Kumbe siku ile, kabla sijafika na mnyororo wangu, mama alikwisha kumwambia mwanawe, na yeye akakubali kuitwa mwoga mbele ya kijiji kizima kuliko kunieleza kwamba ametii. Nilitaka kumwita. Lakini jina lake nilikuwa sijalitamka tangu siku ile.

Hakurudi. Aliingiza mguu wa pili mferejini. Mama mkwe akachanganyikiwa. Aliinama, akashika bonge la udongo, akamrushia kama anayefukuza mbuzi shambani, "Rudi," akashika lingine akamrushia, na hilo likampata kifuani likapasuka, likamwagika kwenye shati.

Sote tuliona kwa pamoja alichokifanya. Udongo ule ulikuwa wa kaburi letu, umetoka mkononi mwake. Waliokuwa karibu na shemeji walijivuta nyuma, mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake. Akajitazama kifuani. Hakuupangusa. Nadhani aliona hakuna tena sababu.

Alivuka. Alikuja mpaka kaburini, akaliondoa jembe mikononi mwa mama yake, akaanza kufukia. "Shikamoo, shemeji," akasema bila kuinua uso.

"Marahaba," nikasema, nikachukua jembe la pili.

Mama mkwe alikuwa amekaa chini kwenye udongo, analia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa kwa mumewe. Ng'ambo ya mfereji mke wa shemeji alimfunika mtoto kwa khanga mpaka kichwani, akageuka, akaenda nyumbani peke yake.